Idara ya Laini Zisizoonekana

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, kwa sababu fomu za kuombea ruhusa ya kulitaja ziliisha mwezi wa tatu na hazijachapishwa nyingine. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, yenye amani na mihuri mingi, na mimi nimeitumikia miaka ishirini na saba nikiwa karani. Jina langu ni Zakayo Mputa. Nimekaa madirisha mengi, lakini haya ninayoyaeleza yalinikuta kwenye dirisha namba nne la Idara ya Laini Zisizoonekana.

Idara hiyo ilianza hivi. Mheshimiwa Waziri wetu wa Mawasiliano na Utulivu alialikwa mkutanoni ng'ambo, na wenyeji wakampa simu ya kutumia kwa siku tano. Wakamweleza kwamba ndani yake mna laini ya kidijitali, yaani laini isiyo na kadi, ambayo huingia kwenye simu kwa kuielekeza kamera kwenye picha ya vimraba vyeusi na vyeupe. Wakamwambia msafiri yeyote anaweza kujinunulia ya kwake angali nyumbani, akashuka kwenye ndege akakuta bando linamsubiri. Waziri alishukuru. Kisha akaenda chumbani kwake, akaomba pini, akaitafuta ile kadi kwa saa mbili. Hakuiona. Alirudi nyumbani amenuna, na pale pale uwanja wa ndege akawaambia waandishi wa habari kwamba taifa linalojiheshimu haliwezi kuunganishwa na dunia kwa kitu ambacho waziri wake hawezi kukishika.

Wiki iliyofuata tukapata sheria. Mwananchi anayetaka kutoka nje na laini ya kidijitali lazima kwanza ailete ionekane. Laini zetu za kawaida nazo zilikuwa zimezuiwa kufanya kazi nje ya mipaka, kwani Waziri alisema hazina shida ya kwenda kuombaomba mawimbi ya watu. Kwa hiyo kila msafiri mwenye jambo la maana ng'ambo alilazimika kupita kwetu. Tulikuwa watumishi mia tatu na kumi na wawili. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona laini isiyoonekana, na jambo hilo liliandikwa kwenye ripoti ya mwaka kama ushahidi kwamba udhibiti unafanya kazi.

Mimi sikuwa na neno. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, na mtu aliyebakiza miaka miwili hujifunza kuyaona mambo mengi kuwa ya kawaida.

*

Bi. Tusekile alikuja Jumanne asubuhi. Alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na kitu, na simu yake aliishika kwa mikono miwili, ile picha ya vimraba ikiwa wazi kwenye kioo, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Alikuwa amesikia tangazo redioni, akaja mwenyewe bila kuitwa. Wateja wetu wote walikuwa watu waaminifu. Wasio waaminifu walikuwa wameshasafiri.

Alinieleza shida yake taratibu, bila kuongeza chumvi. Binti yake wa pekee, Atupele, alikuwa akisoma katika nchi moja ya baridi. Alianza kuumwa tumbo, akapimwa, ukaonekana uvimbe, na madaktari wakapanga kumpasua Jumatatu. Kule hakuwa na ndugu. Bi. Tusekile alikuwa ameshapata viza na ndege ya Jumamosi. Laini ilinunuliwa na Atupele mwenyewe, kwa sababu katika nchi ile treni hupandwa kwa simu, mlango wa hospitali hufunguliwa kwa simu, na mama hakujua hata neno moja la lugha yao. Simu ndiyo ingemtafsiria. Tena, kuanzia Jumamosi mchana Atupele angekuwa wodini akiandaliwa, na simu yake ingefungiwa kabatini na wauguzi. Mama angeshuka kwenye ndege peke yake, yeye na simu yake.

Nilimpa fomu. Ilikuwa na kurasa kumi na moja. Ukurasa wa pili uliuliza urefu, upana na rangi ya laini. Akaniuliza aandike nini, nami nikamshauri aandike "wastani" kila mahali. Ndivyo tulivyowashauri wote, na takwimu za taifa zinaonyesha kwamba laini zetu zina urefu wa wastani na rangi ya wastani, jambo ambalo Waziri amelitaja bungeni kwa fahari.

Ukurasa wa tisa ndio uliotukwamisha. Laini yake ilikuwa ya siku thelathini, baada ya hapo inakwisha. Kisheria hiyo iliitwa kufia ugenini, na laini iliyofia ugenini ilihitaji mdhamini, mtumishi wa umma, atakayewajibika mabaki yasiporudishwa nchini. Bi. Tusekile alikuwa na shemeji, lakini shemeji alikuwa muuza mbao. Akaniangalia. Hakuniomba. Nyuma yake watu walikuwa wamefika hadi ngazini, na mmoja ameanza kukohoa kile kikohozi cha foleni.

Nikatia saini. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa huruma. Kweli ni kwamba foleni ilikuwa ndefu na kalamu ilikuwa tayari mkononi.

*

Jumatano alipelekwa Chumba cha Vipimo. Wataalamu watatu waliipima simu yake kwenye mizani, kwanza ile picha ikiwa imefungwa, kisha ikiwa imefunguliwa, ili tofauti iwe ndio uzito wa laini. Tofauti haikuwepo. Walijadiliana mpaka saa ya chakula. Mmoja alisema laini ni tupu, wa pili akasema laini imejizuia kupumua, na wa tatu, aliyekuwa msomi kuliko wenzake, akasema tatizo ni mizani, kwa kuwa imetengenezwa nje na huenda ina huruma na wa kwao. Mizani ikapelekwa kuhojiwa. Bi. Tusekile akaambiwa arudi kesho.

Alhamisi alipelekwa kwa Mkurugenzi, Daktari Fumbwe, nami nikaingia naye kama mdhamini. Udaktari wake Mkurugenzi alipewa na chuo ambacho nacho hakijawahi kuonekana, na ndiyo maana alionekana anafaa kuongoza idara yetu. Alimkaribisha mama kwa upole. Alimwambia kwamba hata yeye ana mama. Kisha akazungumza kuhusu akina mama wa taifa hili kwa dakika arobaini, kuanzia enzi za kupigania uhuru, na sisi watumishi tulipiga makofi mara mbili, pale alipotua na pale aliposahau alikuwa wapi. Alihitimisha kwa kusema kwamba mwananchi mwema akiwa ugenini hahitaji intaneti. Anahitaji kutazama mandhari na kukumbuka nyumbani.

Bi. Tusekile alisubiri amalize. Mkoba ulikuwa magotini.

"Mkurugenzi," akasema, "mtoto wangu anapasuliwa Jumatatu. Nikifika pale simu haifanyi kazi, daktari ataniambia jambo la mwanangu, nami nitabaki namtazama mdomo."

Mkurugenzi alitoa leso, akajifuta uso, akatangaza kwamba suala hili atalishughulikia yeye binafsi. Akaagiza iletwe simu ya Idara, mpya, kubwa kama kibao cha kukatia mboga, akaielekeza kwenye ile picha ya mama.

Mimi nilikuwa nimesoma kiambatisho cha sheria. Hakuna mwingine aliyekisoma. Nilikisoma kwa sababu siku moja umeme ulikatika kwa wengine ukabaki kwangu. Kilieleza wazi kwamba picha ya namna ile hukubali simu moja, mara moja tu, basi. Nikainua mkono. Nikasema, "Mheshimiwa, ukiiweka kwenye simu hiyo, kwenye simu ya mama haitaingia tena."

Mkurugenzi akanijibu kwamba Idara si simu, Idara ni taasisi. Akabonyeza.

Laini ikaingia. Kioo kikaandika kwamba imewekwa kikamilifu. Watu wote wakasimama. Daktari Fumbwe aliinyanyua ile simu juu ya kichwa chake, machozi yakimlengalenga.

"Tumeikamata," akasema.

Wakaitwa wapiga picha. Wakaitwa na wale wataalamu watatu. Walijaribu kupiga simu kwa kutumia laini hiyo, haikutoa hata mlio, kwa sababu ilitengenezwa kufanya kazi katika ile nchi ya baridi tu. Mkurugenzi alieleza kwamba mtuhumiwa amekataa kutoa maelezo, na kwamba ukimya huo unaonyesha amefundishwa. Habari za saa saba mchana zilianza na sisi.

Makofi yalipokwisha, Bi. Tusekile aliomba arudishiwe laini yake. Walijaribu. Simu yake ikaandika kwamba picha hii imeshatumika. Basi Mkurugenzi akampa cheti chenye muhuri wa dhahabu, kinachothibitisha kwamba laini yake iko katika mikono salama na kwamba yeye yuko huru kusafiri bila hiyo. Niliyekigonga muhuri wa pili ni mimi. Kilihitaji mihuri miwili.

*

Alikuja kukaa kwenye benchi mbele ya dirisha langu. Hakulia. Alipiga simu kwa binti yake, akamweleza kwa maneno machache, na kabla sijamaliza kumhudumia mtu mmoja Atupele alikuwa amenunua laini nyingine na kutuma picha nyingine. Dakika tano. Nikaona aibu, kisha nikakumbuka kwamba sina mamlaka ya kuona aibu kwa niaba ya Idara.

Nilimweleza hali halisi. Laini mpya ni ombi jipya, na ombi jipya ni siku tisa za kazi. Akiiweka kwenye simu akiwa hapa, uwanjani wataikuta. Uwanjani hukagua simu moja moja na kufuta picha na ujumbe wote. Hukagua na karatasi. Karatasi yoyote yenye vimraba hutaifishwa. Walikuwa wameshachukua mabao ya drafti, vitabu vya kujaza maneno, na michoro ya vigae vya choo ya mhandisi mmoja.

Alifikiri kidogo. Akauliza, "Na kitambaa?"

Nikatoa Waraka Namba Kumi na Saba. Niliusoma kuanzia juu hadi sahihi ya Waziri, kisha nikaurudia, kwa sababu mtu wa makamo asiseme jambo asilolihakiki.

"Waraka haujataja kitambaa," nikamwambia.

"Haya, baba. Asante."

Akaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye kazi ya kumaliza.

Jumamosi nilipelekwa uwanja wa ndege kushika meza ya Idara, kwa kuwa makarani wa pale walikuwa kwenye semina ya siku tatu kuhusu uchovu kazini. Mama alifika asubuhi, macho mekundu, vidole viwili vimefungwa plasta. Juu ya begi lake alikuwa amefunga mto mdogo mweupe wa kuegemea safarini. Uso mzima wa ule mto ulikuwa umeshonewa vimraba vyeusi, zaidi ya elfu moja na mia sita kama alivyonieleza baadaye, kila kimoja kikiwa mahali pake, vingine vidogo kama kiroboto. Alikuwa ameinakili picha kwa siku mbili bila kukosea hata kimraba kimoja, maana kimoja tu kikihama, huenda simu isingeelewa.

Afisa wa ukaguzi aliifungua simu yake, akaisafisha, akaikuta haina laini ya kigeni. Akasoma cheti chenye muhuri wa dhahabu. Kisha akauchukua mto, akauminya, akaunusa, akasema mke wake angeupenda urembo ule. Akanigeukia, kwa sababu kujaza orodha ilikuwa kazi yangu, akauliza hiki kiandikwe ni kitu gani.

Niliutazama ule mto. Nilimtazama mama, naye akatazama saa ya ukutani.

"Mto," nikasema, nikaandika mto, nikagonga muhuri. Katika miaka ishirini na saba sidhani kama niliwahi kuandika neno la kweli kuliko hilo kwenye fomu ya serikali.

*

Yaliyotokea kule alinisimulia mwenyewe. Alishuka Jumapili. Uwanja wa kule una intaneti ya bure kwa nusu saa, ndani ya jengo tu. Aliuweka mto kwenye kiti, akaelekeza kamera. Haikukubali. Akaunyoosha juu ya goti. Haikukubali, kitambaa kilikuwa na mikunjo. Dakika zilikuwa zinakwenda. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga deki alimtazama kwa muda, akaegemeza ufagio wake ukutani, akaja, akaushika mto kwa pembe mbili akauvuta, na yeye Bi. Tusekile akavuta chini kwa mkono mmoja. Hawakuwa na neno hata moja wanaloelewana. Simu ikalia. Ikamkaribisha.

Alipanda treni mbili, simu ikimwelekeza. Alimkuta Atupele wodini, akakaa naye mpaka walipomwambia atoke.

Jumatatu, upasuaji ukiwa katikati, daktari alitoka akamfuata. Alizungumza mbele ya simu, na simu ikazungumza Kiswahili kwa sauti ya mtangazaji. Uvimbe ulikuwa umeshika kipande cha ini. Kukiondoa kuna hatari ya damu nyingi. Kukiacha ni kurudi pale pale baada ya mwaka. Mgonjwa amelala, na alikuwa ameandika kwamba jambo la namna hii likitokea aulizwe mama yake. Bi. Tusekile aliuliza maswali matatu. Lile la tatu aliuliza mara mbili. Halafu akasema waondoe.

"Bila ile simu ningetikisa kichwa tu," aliniambia. "Na sijui ningetikisa upande gani."

Siku hiyo mimi nilikuwa dirishani. Saa nane, kwenye simu ya dirisha ambayo namba yake huandikwa kwenye kila fomu, ikaingia meseji kutoka namba nisiyoijua: Amezinduka. Ameomba maji. Kisheria nilitakiwa kuripoti meseji yoyote iliyotoka kwenye laini isiyoonekana. Nikaisoma chini ya meza, nikaifuta, nikafungua chakula changu. Nilikuwa sijamaliza sahani tangu Alhamisi.

*

Mwezi ule ule Daktari Fumbwe alisafiri na ujumbe wa watu arobaini kwenda kwenye mkutano katika nchi ile ile ya baridi, kuwaonyesha mataifa laini aliyoikamata. Ndege ilipotua, laini ikaamka, kwa kuwa ilikuwa imefika kwao. Mkurugenzi alituma taarifa kwamba mtuhumiwa ameanza kutoa ushirikiano. Mkutano ulikuwa wa siku mbili. Laini ilitoa ushirikiano siku thelathini, zaidi kwa upande wa mieleka na video za watu wanaopika nyama. Siku ya thelathini na moja ikakata kauli hotelini, na ujumbe ukarudi nyumbani mikono mitupu.

Faili lilifunguliwa. Mwenye laini: Tusekile. Mdhamini: Zakayo Mputa. Mahali ilipofia: ugenini. Mabaki: hayajarudishwa. Ikaundwa kamati ya watu tisa, mwenyekiti Daktari Fumbwe, nikaitwa kujieleza. Nilisema kwa heshima zote kwamba laini ilifia ndani ya simu ya mwenyekiti. Mwenyekiti akaomba iandikwe kwamba shahidi anajaribu kumwingiza mwenyekiti kwenye ajenda. Ikaandikwa. Aliyeandika ni kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kuandika mihtasari, na nakiri aliandika vizuri.

Vikao vilikuwa vinne. Mwishowe nilistaafishwa kabla ya wakati wangu kwa manufaa ya laini. Nikakusanya kikombe changu na sweta langu, nikampa mwenzangu ufunguo wa droo. Nilitarajia kuumia. Nilipofika nyumbani nilivua viatu, nikakaa, na kitu nilichokisikia kwa siku nzima kilikuwa miguu yangu ikinishukuru.

Miezi miwili baadaye Bi. Tusekile alirudi na binti yake. Walikwenda dirisha namba nne kunisalimu, wakapewa fomu ya kuomba kumsalimu mtumishi aliyeondoka, wakaiacha kaunta, wakaulizia mtaani mpaka wakafika kwangu. Atupele alikuwa amekonda, anatembea kwa kujipima, mkono mmoja ubavuni. Aliniamkia, "Shikamoo, baba," akakaa polepole kwenye kiti chenye mgongo. Mke wangu akaleta chai.

Mama ndiye aliyezungumza zaidi. Treni, daktari, yule mwanamke wa deki ambaye hakumjua hata jina. Aliposikia nimestaafishwa alisema ni kwa sababu yake. Nikamwambia hapana, ni kwa sababu ya mabaki. Atupele akauliza mabaki gani. Basi nikawaeleza, bila kuongeza wala kupunguza: jinsi kamati ilivyosimama dakika moja kuikumbuka marehemu, jinsi mjumbe mmoja alivyouliza kama iliacha watoto.

Yule binti alianza kutabasamu, kisha mabega yakaanza kumtikisika, akashika ubavu kwa mikono yote miwili.

"Baba, tafadhali," akasema. "Usinichekeshe. Mshono bado unauma."

Nikaishia hapo, nikamwongezea chai. Nilikuwa bado niko kikao cha kwanza. Jeneza walilileta kikao cha pili.